Robin Cook na jalada la Iraq

(Hotuba kwa klabu ya midahalo, imeandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, wageni waalikwa, na ninyi wanafunzi mliojaa hadi kwenye madirisha, nawashukuru kwa kunialika.

Mliniomba nizungumzie mchango wa mbunge mmoja wa nje katika mijadala ya mambo ya kigeni. Nimemchagua Robin Cook wa chama cha Labour cha Uingereza. Nimemchagua kwa sababu moja: aliposimama kuzungumzia nchi ya watu wengine, alikuwa amesoma. Mara mbili alisimama katika Bunge la Commons kuzungumzia Iraq, na hotuba zote mbili zimeingia katika historia ya Bunge lile. Ya kwanza ni ya Februari 1996, akiwa upinzani. Ya pili ni ya Machi 2003, akiwa ametoka kujiuzulu uwaziri katika serikali ya chama chake mwenyewe. Upande aliousimamia ulishindwa kura mara zote mbili. Mara ya kwanza ulishindwa kwa kura moja.

Sitawachosha na wasifu wake. Alizaliwa 1946 Bellshill, Scotland, akasoma fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Edinburgh, akaingia Bungeni 1974. Alikuwa mtu wa ndevu nyekundu, mwenye ulimi mkali, na hata waliompenda walikiri kwamba si mwepesi kuzoeleka. Hayo yanatosha. Twende kwenye jalada lenyewe.

Katika miaka ya 1980 Iraq na Iran zilikuwa vitani. Serikali ya Uingereza iliweka miongozo kuhusu bidhaa za kijeshi ambazo zingeweza kuuzwa kwa nchi hizo mbili, na mwaka 1985 Bunge likatangaziwa miongozo hiyo. Vita viliposimama mwaka 1988, mawaziri wadogo watatu wakakubaliana kimyakimya kuilegeza kwa upande wa Iraq. Kumbukeni mwaka huo ulikuwa mwaka gani. Machi 1988 majeshi ya Saddam Hussein yalimwaga gesi ya sumu juu ya mji wa Halabja, Wakurdi maelfu wakafa, wengi wao wanawake na watoto. Kabla mwaka haujaisha, London inalegeza masharti ya biashara na utawala uleule. Wabunge wakiuliza, wanajibiwa kwamba sera haijabadilika.

Siri ilifumuka mahakamani. Kampuni ya Matrix Churchill ya Coventry ilikuwa inauza Iraq mashine za kuchongea vyuma, mashine zinazoweza kutengeneza vipuri vya kawaida na zinazoweza pia kutengeneza makombora. Idara ya forodha ikawashtaki wakurugenzi wake watatu kwa kuidanganya serikali kuhusu matumizi ya mashine hizo. Kumbe serikali ilikuwa inajua. Mmoja wa washtakiwa alikuwa akiwapelekea habari majasusi wa Uingereza wenyewe! Na mawaziri walikuwa wametia saini hati za kutaka nyaraka za kuthibitisha hayo zisifike mahakamani. Watu watatu wangeweza kwenda jela huku karatasi za kuwaokoa zimefungiwa kabatini. Novemba 1992 kesi ikavunjika, baada ya waziri wa zamani, Alan Clark, kuulizwa maswali akiwa shahidi na kukubali kwamba ukweli haukuwa umesemwa wote.

Waziri Mkuu John Major akaunda tume chini ya Jaji Richard Scott. Ripoti ikatoka tarehe 15 Februari 1996: vitabu vitano, kurasa zaidi ya 1,800. Hapa ndipo nataka mkae vizuri mnisikilize, hasa ninyi mnaopenda kulalamika kwamba mada ya mdahalo mmepewa usiku wa kuamkia siku ya shindano.

Serikali ilikuwa nayo ripoti siku kadhaa kabla, ikapata nafasi ya kuisoma na kuandaa majibu. Cook, ambaye ndiye alikuwa waziri kivuli wa mambo ya nje na ndiye angejibu kwa niaba ya upinzani, alipewa kama saa mbili. Pigeni hesabu: ni chini ya sekunde nne kwa kila ukurasa. Binadamu hawezi kusoma hivyo. Kinachowezekana ni kujua unatafuta nini kabla hujafungua kitabu, na Cook alijua. Alikuwa ameifuatilia kesi ile kwa miaka. Alijua ni jibu gani lilitolewa Bungeni, siku gani, na waziri gani. Kwa hiyo alipofunguliwa vile vitabu aliingia na maswali yake mkononi, akakimbilia kurasa zinazoyagusa. Aliposimama siku ile alinukuu maneno ya Jaji Scott mwenyewe, sehemu kwa sehemu, akiyaweka kando ya maelezo ambayo waziri alikuwa ameyatoa dakika chache zilizopita.

Mjadala kamili ulikuja tarehe 26 Februari. Waziri wa Biashara, Ian Lang, aliisemea serikali. Cook alipojibu hakupoteza muda kuwatukana mawaziri wala kuwaita wauaji. Alichukua hoja nyembamba na kuikandamiza mpaka mwisho: Je, Bunge liliambiwa ukweli? Kama halikuambiwa, nani anawajibika? Serikali ilikuwa inajitetea kwamba mawaziri hawakuwa na nia ya kupotosha. Cook akauliza maana ya uwajibikaji ni nini basi, ikiwa kila mtu anakubali kosa lilifanyika na hakuna hata mmoja anayekubali kuwa ni lake. Karibu na mwisho akasema kwamba hii si serikali isiyojua tu kukubali lawama, ni serikali isiyojua aibu.

Kura zikapigwa: serikali 320, upinzani 319.

Kuna mtu atasema, ameshindwa. Ni kweli, hakuna waziri aliyejiuzulu usiku ule. Lakini angalieni maana ya tofauti ya kura moja. Ni kwamba hata ndani ya chama tawala walikuwepo waliosikiliza wakashindwa kuiunga mkono serikali yao. Wabunge wa pande zote walikiri kwamba hawajasikia hotuba ya namna ile kwa miaka. Na zaidi ya yote, hoja ilikuwa imeandikwa. Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, haifutiki.

Sasa, mwaka uliofuata Labour ikashinda uchaguzi, na Cook akawa Waziri wa Mambo ya Nje. Siku kumi tu baada ya kuingia ofisini, tarehe 12 Mei 1997, alitangaza kwamba sera ya nje ya Uingereza lazima iwe na upande wa maadili. Maneno haya yalimfuata kama deni kwa miaka yote minne aliyokaa wizarani.

Nalisema hili wazi kwa sababu nampenda mtu huyu na sitaki mnione namsafisha. Mwaka 1994, akiwa upinzani, alikuwa ameliambia Bunge kwamba ndege za kivita za Hawk zilizotengenezwa Uingereza zimeonekana zikipiga mabomu Timor ya Mashariki, nchi iliyokuwa chini ya ukaliaji wa Indonesia. Alipokuwa waziri, leseni za Hawk ambazo serikali iliyopita ilikuwa imeshazitoa kwa Indonesia hazikufutwa. Ndege ziliendelea kupelekwa mpaka Septemba 1999, Timor ilipokuwa inaungua baada ya kura ya uhuru, ndipo zikasimamishwa. Watu waliokuwa wamemshangilia 1994 walimuuliza maswali magumu, na walikuwa na haki ya kuuliza. Mimi naamini alijua kabisa kwamba pale alipungukiwa. Kitu kimoja alichokiacha, ambacho hakikuwepo kabla yake, ni ripoti ya kila mwaka ya mauzo ya silaha: kuanzia 1999 serikali ya Uingereza inachapisha leseni ilizotoa na nchi zilizopewa, na kamati za Bunge zinapata cha kushika mkononi zinapohoji. Mtu aliyekuwa amelazimika kutafuta ukweli wa Iraq ndani ya saa mbili aliwaachia wabunge waliomfuata karatasi za kuanzia.

Vita vya Kosovo vya 1999 naviruka haraka, ila nitavirudia kidogo, kwa sababu yeye mwenyewe alivirudia. Mwaka 2001 aliondolewa Mambo ya Nje akapewa kazi ya waziri anayesimamia shughuli za serikali Bungeni. Wengi walidhani ameshushwa ngazi. Ikatokea kwamba kiti kile ndicho kilichompa nafasi ya kufanya jambo lake kubwa.

Mwishoni mwa 2002 ilikuwa dhahiri kwamba Marekani inaelekea kuivamia Iraq na Waziri Mkuu Tony Blair anataka kwenda nayo. Kwa sheria za Uingereza, uamuzi wa kuingia vitani ni mamlaka ya kale ya Mfalme au Malkia, yanayotumiwa na Waziri Mkuu kwa niaba yake. Bunge lingeweza kujadili, ndiyo. Haikuwa desturi kwamba serikali iwaombe wabunge ruhusa kwa kura kabla risasi ya kwanza haijapigwa. Kosovo ilijadiliwa hivyo hivyo, bila wabunge kuletewa hoja ya kuamua. Cook, akiwa ndani ya baraza la mawaziri, akashikilia kwamba safari hii wabunge wapige kura, na wapige kabla. Hatimaye ikakubalika.

Juhudi za kupata azimio jipya la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa zilipokwama, akajiuzulu. Ilikuwa tarehe 17 Machi 2003. Usiku ule, kama saa nne kasorobo, akasimama kutoka viti vya nyuma, wanakokaa wabunge wasio mawaziri, kutoa maelezo binafsi. Hotuba yenyewe haikuzidi dakika kumi na mbili. Nataka tuipitie polepole, kwa sababu humo mna ufundi ambao hamtaupata kwenye vitabu vya kufundishia midahalo.

Alianza kwa kusema ni mara ya kwanza baada ya miaka 20 kuzungumza akiwa viti vya nyuma, na kwamba alikuwa amesahau jinsi mtu anavyoona vizuri akiwa huku. Ukumbi ukalegea. Kisha akafanya jambo ambalo mpinzani wa kawaida hafanyi: akamsifu Tony Blair. Akasema ndiye kiongozi aliyekipa chama chake mafanikio makubwa kuliko wote aliowashuhudia maishani mwake, kwamba anatumaini ataendelea kuongoza, na kwamba hatamsaidia mtu yeyote anayetaka kuutumia mgogoro huu kumng'oa. Mnaona alichokifanya? Alifunga mlango ambao majibu yote mepesi yangepitia. Hakuna ambaye angeweza kusimama baadaye na kusema huyu ana uchu wa madaraka, au ana kisasi cha kunyang'anywa wizara.

Akaenda kwenye washirika. Uingereza inajiandaa kwa vita bila makubaliano ya chombo chochote cha kimataifa ambacho nchi hiyo ni mwanachama muhimu: si NATO, si Umoja wa Ulaya, si Baraza la Usalama. Hapa akaileta Kosovo, kwa sababu alijua ataulizwa: wewe si ndiye uliyetetea mabomu ya 1999 bila azimio la Umoja wa Mataifa? Akajibu kabla hajaulizwa. Kosovo, akasema, iliungwa mkono na NATO, ikaungwa mkono na Umoja wa Ulaya, ikaungwa mkono na kila jirani wa eneo lile. Ufaransa na Ujerumani walikuwa pamoja nasi. Wapi safari hii?

Halafu kiini. Kwa miaka minne alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akishiriki kuisimamia sera ya kuibana Iraq kwa ukaguzi na vikwazo. Aliwaambia wenzake kwamba sera ile iliteketeza silaha nyingi kuliko zilizoteketezwa katika vita vya Ghuba, na kwamba jeshi la Iraq sasa ni chini ya nusu ya lilivyokuwa wakati wa vita hivyo. Akaendelea kusema kwamba yamkini Iraq haina silaha za maangamizi kwa maana ambayo watu wote wanaifahamu, yaani silaha ya kweli inayoweza kufikishwa kwenye mji mkubwa. Akakubali kwamba inawezekana bado inazo sumu na kemikali za kutumia katika uwanja wa mapambano. Tazameni alivyotenganisha. Mtu mwingine angesema Saddam hana kitu, na kama chupa moja ya sumu ingeokotwa jangwani kesho yake, hoja yote ingeanguka. Cook alisema kiasi kile tu alichokuwa na uhakika nacho, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuibomoa.

Na zile sumu zilitoka wapi? Hapa jalada la 1996 linafunguka tena. Alikumbusha kwamba Iraq imekuwa nazo tangu miaka ya 1980, wakati kampuni za Marekani zilipomuuzia Saddam vimelea vya kimeta na serikali ya Uingereza ya wakati huo ikaidhinisha viwanda vya kemikali na risasi. Akauliza: kwa nini leo ni jambo la dharura hivi kwenda vitani kuondoa uwezo wa kijeshi uliokuwepo kwa miaka 20, na ambao sisi wenyewe tulisaidia kuujenga?

Hakuna mbunge mwingine katika ukumbi ule aliyeweza kuuliza swali hilo kwa uzito uleule. Yeye alikuwa amezisoma nyaraka za mauzo akiwa upinzani, na akapokea taarifa za kijasusi akiwa waziri. Alikuwa na mamlaka ya kuuliza, na mamlaka hayo hayakutokana na cheo, maana cheo alikuwa amekiacha mchana ule.

Akagusa pia Palestina. Alikumbusha kwamba azimio namba 242 la Baraza la Usalama, linaloitaka Israel iondoke katika maeneo inayoyakalia, lilikuwa na zaidi ya miaka 30 bila kutekelezwa, huku Iraq ikiambiwa subira imekwisha. Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha. Yeye hakusema hivyo, nasema mimi, ila alieleza bayana kwamba ulimwengu wa Kiislamu unaiona tofauti hiyo na inauuma.

Sentensi ya kujiuzulu aliiweka mwisho kabisa. Alisema amesisitiza tangu mwanzo haki ya Bunge kupiga kura kuhusu vita, kwamba kesho usiku ataungana na watakaopinga, na kwa sababu hiyo pekee, kwa moyo mzito, anajiuzulu. Katika Bunge la Commons kupiga makofi ni mwiko. Usiku ule wabunge walipiga makofi, na wengine walisimama.

Kesho yake, tarehe 18 Machi, kura zikapigwa. Marekebisho ya wapinga vita kwenye hoja ya serikali yalipata kura 217 dhidi ya 396. Wabunge 139 wa Labour waliasi chama chao. Hoja ya serikali ikapita kwa 412 dhidi ya 149. Tarehe 20 Machi vita vikaanza.

Mnayajua yaliyofuata. Wakaguzi walioongozwa na Marekani walitafuta silaha zile kila kona, na ripoti yao ya 2004 ikasema hawakuzikuta. Wairaki waliokufa ni wengi mno, na wanajeshi wa Uingereza 179 hawakurudi. Tume ya John Chilcot, iliyovichunguza vita hivyo, ilipotoa ripoti yake Julai 2016, ilihitimisha kwamba Uingereza iliingia vitani kabla njia za amani hazijaisha. Ripoti ile ilikuwa na maneno zaidi ya milioni mbili. Mengi ya msingi yalikuwa yamesemwa kwa dakika zisizozidi kumi na mbili, miaka 13 iliyotangulia, mbele ya watu waliokuwa bado na uwezo wa kuzuia. Hilo linaniuma kila ninapoisoma hotuba ile, na sidhani kama litaacha kuniuma.

Cook hakuiona ripoti hiyo. Alifariki Agosti 2005, akiwa na miaka 59, baada ya kuanguka akiwa matembezini kwenye mlima Ben Stack huko Scotland. Kwenye kaburi lake mjini Edinburgh yamechongwa maneno yake: huenda hakufaulu kuzuia vita, lakini alifaulu kulipatia Bunge haki ya kuamua kuhusu vita.

Je, alilipatia kweli? Hili ni swali la mdahalo mzuri, na nawaachia kama mada. Tarehe 29 Agosti 2013 Waziri Mkuu David Cameron aliomba ridhaa ya kuishambulia Syria, wabunge wakakataa kwa kura 285 dhidi ya 272, na hakwenda. Mwongozo wa Baraza la Mawaziri wa 2011 ulikuwa umeitambua desturi hiyo. Lakini Aprili 2018 Theresa May aliamuru mashambulizi Syria bila kuwauliza wabunge kwanza. Walijadili ndege zikiwa zimesharudi. Desturi isiyo sheria inategemea nani yuko ofisini.

Sisi kwetu jambo hili limeandikwa. Ibara ya 44 ya Katiba yetu ya Tanzania inampa Rais mamlaka ya kutangaza vita, kisha inataka nakala ya tangazo ifike kwa Spika na Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kuamua kama linaunga mkono. Yaani Bunge linakuja baada. Kenya, katika ibara ya 240 ya Katiba ya 2010, kupeleka majeshi nje ya nchi kunahitaji idhini ya Bunge. Upi mpangilio bora kwa nchi ambayo adui anaweza kuvuka mpaka usiku mmoja, kama tulivyoona Kagera 1978? Mimi naegemea kwa Cook: vita vya kujilinda vina dharura yake, lakini vita vya kwenda kwa wengine vipite kwa wabunge kwanza. Najua walimu wawili hapa hawakubaliani nami.

Hansard za siku hizo tatu, 26 Februari 1996, 17 Machi na 18 Machi 2003, zinapatikana bure mtandaoni. Kabla ya shindano lenu naomba kila timu isome mjadala mzima wa tarehe 18, pande zote mbili, maana waliounga mkono vita nao walikuwa na hoja nzito na baadhi walizitoa kwa dhati kabisa. Mkishasoma, andikeni maswali matano ambayo mngemuuliza Blair, na matano ambayo mngemuuliza Cook kuhusu Hawk.

Mwenyekiti, nimemaliza. Nadhani yule dada wa nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja Kosovo, naomba aanze yeye.